Olivia de Havilland na mkataba wa miaka saba: alishinda nini hasa?

*"Mdogo wangu wa kike ana miaka 22, anaigiza tamthilia hapa Dar es Salaam. Kampuni moja imempa mkataba wa mwaka mmoja, lakini ndani umeandikwa kwamba kampuni inaweza kuuongeza mara nne, mwaka mmoja mmoja, na kwamba akikataa kazi atasimamishwa bila malipo na siku hizo zitaongezwa mwishoni. Nilipomwambia asikurupuke kusaini, alinionyesha kwenye simu habari za mwigizaji wa zamani wa Marekani, Olivia de Havilland, kwamba aliishtaki studio yake akashinda, na tangu hapo hakuna msanii anayeweza kufungwa zaidi ya miaka saba. Anasema yakimshinda naye atajitoa hivyo hivyo. Mimi nimesikia kwamba baada ya ile kesi mama huyo hakupewa kazi tena. Ukweli ni upi? Na hiyo sheria inamlinda mdogo wangu?"*

Mdogo wako hakudanganywa, ila kasoma nusu ya habari. Olivia de Havilland aliishtaki Warner Bros., moja ya studio kubwa kabisa za Hollywood, akashinda mahakama ya kwanza, akashinda na rufaa. Nawe ulichosikia kina chembe ya ukweli: alikaa karibu miaka miwili bila kuingia studio. Lakini alirudi, na aliporudi akachukua Oscar mbili. Kinachonitia wasiwasi ni hilo neno la "nitajitoa hivyo hivyo". Olivia hakujitoa. Aliutumikia mkataba mpaka mwaka wa saba ukaisha, ndipo akaenda mahakamani kuuliza kama bado anadaiwa. Aliyejitoa katikati ni mwenzake wa studio hiyo hiyo, Bette Davis, na huyo alishindwa. Itabidi niwaeleze wote wawili, maana mpango wa mdogo wako unafanana na wa Bette.

Olivia alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916, wazazi wake Waingereza. Mwaka 1919 mama yake alihamia California na binti zake wawili. Mdogo, Joan, naye alikuja kuwa nyota kwa jina la Joan Fontaine. Mwaka 1934, akiwa na miaka 18, Olivia alicheza Hermia katika A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare, mchezo ambao mwongozaji Max Reinhardt aliupandisha kwenye ukumbi wa wazi wa Hollywood Bowl. Warner walipoamua kuufanya filamu wakamchukua na yeye. Tarehe 12 Novemba 1934 akasaini mkataba wa miaka mitano, dola 200 kwa wiki kwa kuanzia. Mwaka uliofuata wakamweka katika Captain Blood na kijana mwingine ambaye hakuwa na jina bado, Errol Flynn. Filamu ikavuma. Tarehe 14 Aprili 1936 Warner wakampa mkataba mpya: miaka saba, dola 500 kwa wiki.

Hapo ndipo wasanii wengi huingia mtegoni huku wakishangilia. Mshahara ulipanda mara mbili na nusu, sawa. Lakini mwaka na nusu aliokwisha kuutumikia ulifutika kwenye hesabu. Ile miaka mitano ya kwanza ingeisha 1939. Miaka saba mipya ilikwenda hadi 1943. Nyongeza ya mshahara ikija na karatasi mpya ya kusaini, soma tarehe kwanza, pesa baadaye.

Mkataba wa aina hiyo ulikuwa wa miaka saba kwa upande mmoja tu. Mwigizaji alijifunga miaka saba. Studio ilijifunga miezi sita, au mwaka, kisha ikawa na hiari ya kuongeza kipindi kingine kama hicho, na kingine, mpaka saba itimie. Kipindi kikikaribia kwisha, wakubwa walikaa wakapima: anauza tiketi? Aongezwe, kwa mshahara uliokwisha kupangwa tangu mwanzo. Hauzi? Aende zake. Mwigizaji hakuwa na hiari ya namna hiyo. Na kwa kawaida alilipwa wiki 40 kati ya 52 za mwaka. Hizo 12 alikaa bila mshahara, na bado hakuruhusiwa kwenda kwa mwingine.

Kulikuwa pia na kuazimwa. Studio ilimkodisha mwigizaji wake kwa studio nyingine kwa bei iliyojipangia, ikaendelea kumlipa mshahara wake ule ule, na kilichozidi kikabaki kwao. Watu husema kuazimwa kulikuwa unyonyaji mtupu, na kweli hesabu zake hazipendezi, lakini kwa Olivia ndiko kulikomfungulia njia. Prodyuza David O. Selznick alimtaka kwa nafasi ya Melanie katika Gone with the Wind, mkuu wa studio, Jack Warner, akagoma kumtoa. Olivia akapita kwa mke wa Jack, Ann, akamwomba amsemee, na mzee akalegea. Filamu ikatoka 1939, Olivia akapendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, iliyochukuliwa na Hattie McDaniel wa filamu hiyo hiyo, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Mara ya pili alipendekezwa kwa Hold Back the Dawn ya 1941, na hiyo nayo aliifanya Paramount kwa kuazimwa. Yaani mpaka hapo heshima zote mbili kubwa alizipata nje ya studio iliyomwajiri. Kwa Warner alikuwa binti mzuri wa kuokolewa na Flynn. Walicheza pamoja filamu nane, mojawapo The Adventures of Robin Hood ya 1938, ambayo mpaka leo inatazamika kwa raha, lakini nafasi yake ndani ya filamu hizo haikubadilika sana.

Akaanza kukataa kazi, na kifungu unachokiona kwenye mkataba wa mdogo wako kikaanza kufanya kazi yake. Mwigizaji akikataa nafasi, alisimamishwa. Mshahara ulikatwa tangu siku hiyo mpaka mwingine aliyepewa nafasi hiyo amalize kuigiza. Wakati wote huo hakuruhusiwa kufanya kazi kwingine, iwe filamu, redio au jukwaa. Kisha siku hizo zikabandikwa mwishoni mwa mkataba. Tuseme filamu inapigwa kwa wiki kumi. Ukiikataa, umekosa mshahara wa wiki kumi na bado unazidaiwa hizo wiki kumi. Ukirudi unaletewa hadithi mbovu kuliko ya kwanza: ukiikubali unachuja mbele ya watazamaji, ukiikataa ni wiki nyingine kumi. Mwajiri mwenye subira anaweza kuugeuza mkataba wa miaka saba ukawa wa tisa bila kuandika hata mstari mmoja mpya, kwa sababu anayechagua hadithi ni yeye, na anayeamua kwamba umekataa kazi ni yeye pia.

Mei 1943 miaka saba ilitimia. Warner wakamwambia bado: siku alizosimamishwa, ukizijumlisha, zilikuwa karibu miezi sita, na lazima azilipe. Ndipo wakili wake, Martin Gang, alipomwelekeza kwenye kifungu cha 2855 cha Sheria ya Kazi ya California.

Mdogo wako anaamini sheria ya miaka saba ilizaliwa na kesi hii. La. California ilikuwa na kikomo tangu 1872, wakati huo miaka miwili; kikapandishwa hadi mitano mwaka 1919, kisha saba mwaka 1931, na mwaka 1937 kikahamishiwa kwenye Sheria ya Kazi. Kwa ufupi kinasema kwamba mkataba wa mtu kutoa huduma yake mwenyewe hauwezi kutumika kumlazimisha mfanyakazi baada ya miaka saba tangu alipoanza kazi chini ya mkataba huo. Studio zilikijua vizuri, ndiyo maana mikataba yao iliandikwa saba, haikuandikwa kumi. Ila zilikisoma zinavyotaka: saba ni miaka ya kazi, na siku za kusimamishwa si kazi. Alichobadilisha Olivia ni usomaji huo.

Agosti 1943 alifungua shauri katika mahakama ya kaunti ya Los Angeles. Mwombe mdogo wako aangalie vizuri alichoomba. Hakudai fidia wala hakutaka studio iadhibiwe. Aliomba mahakama itamke kwamba mkataba umekwisha, basi. Ni ombi dogo, na udogo wake ndio uliompa nguvu, kwa sababu hapakuwa na mengi ya kubishania: siku ya kuanza ilijulikana, kalenda ilikuwa ukutani, kilichobaki ni maana ya kifungu kimoja. Angekuwa amejiondoa mwaka wa nne, ubishi wote ungehamia kwake: nani kavunja, kwa nini, hasara ni kiasi gani.

Studio ilikuja na hoja mbili. Ya kwanza ni hiyo ya miaka ya kazi. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kwamba mwenyewe alisaini kifungu cha kusimamishwa kwa akili zake timamu, kwa hiyo hata kama sheria ilimpa haki, aliiacha kwa hiari. Mahakama ya Rufaa ya California ilitoa hukumu tarehe 8 Desemba 1944 na kuzitupa zote mbili. Miaka saba ni ya kalenda. Na haki hiyo imewekwa kwa maslahi ya umma, kumkinga mfanyakazi asijifunge kupita kiasi, kwa hiyo haiondoki kwa saini yake. Ingekuwa inaondoka kwa saini, kila mwajiri angeongeza mstari mmoja wa kuiondoa na sheria ingebaki pambo. Warner walijaribu kwenda juu zaidi, lakini mwanzoni mwa 1945 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuwasikiliza.

Sasa gharama, maana hapa ndipo habari uliyoisikia ilipotokea. Mawakili walimgharimu Olivia dola 13,000, na dola 13,000 za wakati ule hazikuwa pesa ya mchezo. Warner walisambaza barua kwa studio nyingine, na matokeo yake ikawa kama amepigwa marufuku mji mzima. Kesi ilipokuwa inaendelea hakuna aliyethubutu kumpa kazi. Alitumia muda huo kutembelea hospitali za askari, hadi kwenye visiwa vya Pasifiki. Aliweza kuvumilia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na karibu miaka tisa ya mshahara wa kila wiki, na sura ambayo dunia nzima ilikwisha kuiona katika Gone with the Wind. Mwigizaji wa miaka 22 ambaye watazamaji ndiyo kwanza wanaanza kumzoea hana mito hiyo ya kuegemea. Akipotea kwenye skrini miaka miwili, anaanza upya.

Aliporudi, hata hivyo, alionyesha alikuwa anapigania nini. To Each His Own ya 1946 ilimpa nafasi ya mwanamke aliyezaa nje ya ndoa, akamwigiza kutoka usichana hadi umri wa makamo, na Oscar ya kwanza ikaja. Mwaka 1948 akacheza The Snake Pit, hadithi ya mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili; kabla ya kupiga picha alitembelea hospitali za aina hiyo kuona matibabu yanavyofanyika. The Heiress ya 1949 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Aliuona mchezo wake jukwaani, akaenda mwenyewe kwa mwongozaji William Wyler na kumshawishi waufanye filamu. Chini ya Warner jambo hilo lisingefikirika: hadithi, mwongozaji, mwenza, vyote viliamuliwa ofisini, na mwigizaji aliletewa karatasi. Katika filamu hiyo yeye ni Catherine, binti tajiri wa New York asiye na urembo wa kusifiwa, aliyefunga sanduku lake usiku akimsubiri mchumba waondoke kwa siri. Mchumba haji. Catherine anabeba sanduku na kupanda ngazi kurudi chumbani. Inasimuliwa kwamba Wyler alirudia sehemu hiyo mara nyingi bila kuridhika, mpaka akaagiza sanduku, ambalo lilikuwa tupu, lijazwe vitabu. Itazame ukijua hivyo: uzito unaouona kwenye mkono na bega si wa kuigiza. Oscar ya pili ilitoka hapo.

Kuna msemo mwingine unaozunguka sana, kwamba Olivia aliuvunja mfumo wa studio. Hilo ni kumpa zaidi ya alichofanya. Mfumo ule ulidhoofishwa zaidi na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1948 iliyosababisha studio kubwa kutenganishwa na kumbi zao za sinema, na baada yake televisheni. Olivia aliziba tundu moja, lile la kuongeza siku, na faida yake ilionekana haraka, hasa kwa waigizaji wanaume waliorudi kutoka vitani na kukuta studio zinataka kuwaongezea miaka waliyokuwa jeshini. James Stewart ni mmoja wa walionufaika.

Tena hata California kwenyewe kifungu hicho hakikubaki kama kilivyokuwa. Mwaka 1987 kampuni za muziki zilipata nyongeza inayoziruhusu kudai fidia kwa albamu ambazo mwanamuziki aliahidi na hakuzitoa. Ndiyo maana mwaka 2008 bendi ya Thirty Seconds to Mars, ya mwigizaji Jared Leto, ilipojitetea kwa sheria ya Olivia, kampuni yake iliishtaki ikidai dola milioni 30. Mwaka uliofuata wakapatana. Na Olivia mwenyewe hakushinda kila alipokwenda mahakamani. Juni 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, aliishtaki FX, kampuni ya televisheni, kwa kumwonyesha katika tamthilia bila idhini yake. Machi 2018 mahakama ya rufaa ikaitupa kesi hiyo. Alifariki Paris Julai 2020 akiwa na miaka 104.

Turudi kwa Bette Davis. Mwaka 1936 alikuwa tayari na Oscar mkononi, na Warner waliendelea kumpa hadithi za ovyo. Alikataa, akasimamishwa, akaona isiwe tabu: akapanda meli kwenda Uingereza kufanya filamu kwa prodyuza mwingine. Mkataba wake ulikuwa hai kabisa. Warner wakamfuata London na kuomba zuio. Jaji Branson alisema, kwa maneno mengine, kwamba mahakama haiwezi kumlazimisha mtu aigize, lakini inaweza kumzuia asiigize kwa mwingine wakati aliahidi kwa mkataba kutofanya hivyo. Zuio likatoka. Bette akarudi Hollywood ameshindwa, na gharama za kesi juu. Ni kweli kwamba baada ya hapo Warner walimpa nafasi bora zaidi, na kwa Jezebel ya 1938 akapata Oscar ya pili, kwa hiyo kushindwa hakukummaliza. Lakini walimpa kwa sababu aliwaletea pesa. Mahakama haikuwaambia wafanye hivyo.

Na kesi iliyo karibu na mdogo wako kisheria ni hiyo ya London. Kifungu cha 2855 ni cha jimbo la California. Hata New York hakifiki. Sheria ya mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaelekeza moja kwa moja kwenye misingi ya Uingereza. Ya Tanzania, Sura ya 345, ilitokana na sheria ya India ya 1872, nayo ililelewa na mahakama za Kiingereza. Katika sheria hizo mbili hutakuta mstari unaosema mkataba wa msanii hukoma mwaka wa saba. Hiyo haimaanishi hana ulinzi wowote. Mkataba unaomfunga mtu asipate riziki unaweza kupingwa, na uliosainiwa kwa kudanganywa au kutishwa pia. Ila huko ni kubishana kesi moja moja, ushahidi baada ya ushahidi, na matokeo hayana uhakika ule wa kalenda aliokuwa nao Olivia. Ulinzi wa mdogo wako utatoka kwenye maneno yatakayoandikwa kabla hajasaini.

Chukua ulichoniandikia tukipigie hesabu. Mwaka mmoja na nyongeza nne ni miaka mitano, na hiari ni ya kampuni peke yake, kwa hiyo kwa mdogo wako huo ni mkataba wa miaka mitano tangu siku ya kwanza, kwa kampuni ni wa mwaka mmoja. Sasa ongeza kusimamishwa. Akikataa tamthilia moja kila mwaka, na kila moja inapigwa kwa wiki 12, hizo ni wiki 60. Mitano imekuwa zaidi ya sita. Na wakati wa wiki hizo 60 hana mshahara, na kama kuna kifungu cha kutofanya kazi kwingine, hana pa kwenda.

Kitu cha kwanza cha kuomba, na kama atapata kimoja tu kiwe hiki, ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa siku, mwezi na mwaka, pamoja na maneno kwamba mkataba utakoma siku hiyo hata kama kulikuwa na kusimamishwa, likizo, ugonjwa au kuchelewa kwa upigaji picha. Mstari huo mmoja unampa kwa makubaliano kile ambacho Olivia alikipata kwa sheria. Kampuni nyingi hazitaugomea sana kama kiasi cha miaka kinawaridhisha. Zinazogoma kabisa zinakuwa zimeonyesha nia yao.

Cha pili ni namna ya kuongeza muda. Hiari itumike kwa barua, walau siku 30 kabla ya mwaka kwisha, na kila nyongeza iwe na malipo yaliyotajwa kwa shilingi. Kampuni ikikaa kimya, mkataba uwe umekwisha. Bila hivyo anaweza kujikuta ameongezwa na hakuna aliyemwambia.

Kuhusu kukataa kazi, sidhani atafanikiwa kukifuta kifungu chote, na si haki kuitarajia kampuni iliyowekeza kwake ikubali akatae kila kitu. Aombe idadi: kwa mfano kazi moja kwa mwaka anaweza kuikataa bila adhabu. Aombe pia aina za matukio ambazo hawezi kulazimishwa, ziandikwe waziwazi, hasa yanayohusu mwili wake. Na akisimamishwa bila malipo, awe huru kufanya matangazo, jukwaa au kazi nyingine mpaka arudishwe. Kumnyima mtu mshahara na wakati huo huo kumzuia asitafute kwingine ndiko kulikoumiza waigizaji wa Hollywood, kuliko hata urefu wa miaka.

Kama kampuni inaweza kumpeleka kwa prodyuza mwingine, iandikwe fungu lake ni asilimia ngapi ya kinacholipwa. Na wakija baada ya mwaka na "mkataba mpya wenye mshahara mzuri", aukumbuke ule wa Aprili 1936: mpya uandikwe kwamba unabadilisha malipo tu, na tarehe ya mwisho inabaki ile ile ya zamani.

Kusaini si kosa. Olivia hakuwa Olivia bila miaka yake ya Warner: walimlipa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wakamfundisha kazi, wakamtoa katika filamu tatu nne kwa mwaka mpaka watu wakamjua. Mdogo wako naye anahitaji kazi na kamera. Kama kampuni inakataa tarehe ya mwisho, njia ya kati ni kuomba mkataba wa tamthilia moja tu, hata kwa malipo madogo kidogo. Ikikataa na hilo, mimi ningemshauri aache, ijapokuwa uamuzi ni wake na njaa yake anaijua yeye.

Jibu langu haliwezi kuchukua nafasi ya mtu aliyeusoma mkataba wote, kwa sababu mimi nimeona vipande viwili ulivyovinukuu. Nendeni kwa wakili kabla ya saini. Chama cha Mawakili Tanganyika kinaweza kuwaelekeza kwa anayefanya kazi za mikataba ya sanaa, na kama pesa hakuna, ulizeni kuhusu msaada wa kisheria. Msichelewe hata siku moja kama ndani kuna faini ya kiasi kikubwa kwa anayejitoa, kama kampuni inachukua jina lake la kisanii au akaunti zake za mitandao, kama inapewa mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, au kama wanamwambia asaini leo leo la sivyo nafasi imekwenda. Na kama alikwisha kusaini ukaficha kunieleza, hilo pia ni la wakili, na kabla hajakataa kazi ya kwanza. Mkienda, bebeni mkataba mzima na viambatisho vyake, si picha ya ukurasa wa kwanza kwenye simu; ujumbe wote waliobadilishana na kampuni, hata wa sauti; na kumbukumbu za malipo yoyote aliyokwisha kupokea, zikiwa na tarehe.